Riwaya Si Asali ya Kumezeshea Shakespeare

Kuna rai moja ambayo walimu wa fasihi huirudia, wazazi huiitikia na wachapishaji huipigia zumari: kwamba kijana wa miaka 12 au 13 hawezi kukabidhiwa Hamlet hivi hivi. Tamthilia hiyo ni dawa chungu, kwa hiyo atangulizwe asali. Apewe riwaya ya mikasa inayotokea London ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, yenye yatima anayekimbia, panga zinazogongana, msichana aliyejifanya mvulana, na ukumbi wa Globe katikati ya yote. Ataisoma bila kusukumwa. Akifika ukurasa wa mwisho atakuwa ameijua enzi, ameipenda tamthilia na, pasipo kutambua, amefunzwa adabu.

Rai hii imeota mizizi Marekani, Canada na Uingereza, na imekwisha kuingia katika nyumba za Waswahili wa Toronto na kwingineko, ambako mtoto hurudi na kitabu cha aina hiyo mkobani na mzazi huambiwa kwamba huo ndio mlango wa Shakespeare. Vitabu vyenyewe ni vingi. Nitashika viwili ambavyo madarasa yamevitumia sana: The Shakespeare Stealer ya Mmarekani Gary Blackwood, iliyotoka mwaka 1998, na Cue for Treason ya Mwingereza Geoffrey Trease, ya mwaka 1940.

Kwa asiyevisoma: katika riwaya ya Blackwood, yatima wa Yorkshire aitwaye Widge analelewa na Dk. Timothy Bright, tabibu na kasisi aliyebuni hatimkato ya aina yake. Bright anamfunza hatimkato hiyo ili amtume kunakili mahubiri ya makasisi wengine. Kisha mtu wa kutisha, Falconer, anamnunua kijana kwa pauni 10 na kumpeleka kwa bwana mpya, Simon Bass, ambaye anamtuma London akaiibe Hamlet: ahudhurie onyesho, anakili, alete. Widge anakamatwa nyuma ya jukwaa, anadanganya kwamba alitamani kuwa mwigizaji, na kampuni ya Shakespeare, Lord Chamberlain's Men, inamchukua kuwa mwanagenzi. Katika riwaya ya Trease, Peter Brownrigg wa Cumberland anamrushia jiwe Sir Philip Morton, bwanyenye aliyezungushia ukuta ardhi ya wanakijiji. Peter anatoroka, anaingia katika kundi la waigizaji, anakutana na Kit, msichana aliyekimbia kuozwa kwa huyo huyo Sir Philip, na wawili hao wanaishia kufichua njama ya kumuua Malkia.

Wanaoishikilia rai hii si wajinga, na kauli yao ina mpango. Wanasema mambo manne: riwaya hizi zinafundisha historia; zinamfikisha msomaji kwa Shakespeare; mikasa huwavuta wasiopenda kusoma; na zinajenga maadili. Nitayachukua moja moja. Wengi huamini kwamba yanasaidiana. Mimi naona yanakabana koo, na anayekosa pumzi ni riwaya.

1. Eti inafundisha historia

Tuanze na Timothy Bright, maana huyu hakubuniwa. Alikuwa tabibu katika hospitali ya St Bartholomew's jijini London, akageuka kasisi, akapewa parokia huko Yorkshire. Mwaka 1588 alichapisha Characterie, kitabu cha hatimkato alichomtunukia Malkia. Mwalimu akifika hapa hung'aa uso: tazameni, mwandishi amefanya utafiti! Na darasa zima linatoka likiwa na hakika kwamba enzi hizo tamthilia ziliibwa kwa hatimkato ya Dk. Bright.

Sasa ifungue hatimkato yenyewe. Ilijengwa juu ya maneno ya msingi yaliyozidi 500 kidogo, kila moja na alama yake ya kukariri. Neno lisilokuwamo katika orodha liliandikwa kwa alama ya neno lenye maana ya jirani, au ya kinyume, pamoja na herufi ya kwanza ya neno lililokusudiwa. Hebu mfikirie kijana aliyesimama kwenye umati wa Globe. Mwigizaji anatamka. Kijana atafute kichwani jamaa wa neno alilolisikia, akumbuke alama ya jamaa huyo, aichore, abandike herufi pembeni, kisha akimbilie neno linalofuata. Mwigizaji hamngoji. George Duthie, aliyelichunguza suala hili mwaka 1949 kwa upande wa King Lear, aliona kwamba hatimkato za wakati huo hazikuwa na uwezo wa kuzaa matini tuliyo nayo.

Je, Hamlet haikuibwa? Pengine iliibwa. Toleo lililochapishwa mwaka 1603 ni fupi na limevurugika. Hata mhusika Polonius humo anaitwa Corambis. Mara baada yake likatoka toleo jingine, urefu wake karibu maradufu. Kwa muda mrefu mshukiwa mkuu wa wataalamu alikuwa mtu wa ndani, mwigizaji aliyeshika nafasi ya Marcellus, kwa kuwa mistari ya Marcellus imehifadhika kuliko ya wenzake. Wengine wanasema lile toleo fupi ni rasimu ya mwanzo, au limefupishwa kwa makusudi. Kwa upande wa pili, Thomas Heywood, mtunzi wa zama hizo, alilalamika kwamba mchezo wake mmoja uliibwa kwa hatimkato, kwa hiyo Blackwood hakukosa pa kuegemea. Riwaya ina haki ya kuchagua dhana inayoleta msisimko. Darasa la historia halina haki hiyo. Lakini mwalimu akishakiita kitabu chombo cha kufundishia enzi, ugomvi wa kitaalamu usiokwisha hugeuka jibu la alama mbili: tamthilia ziliibwaje? Kwa hatimkato.

Na gharama yake haiishii kwenye jibu bovu. Huku darasa likikariri majina ya mavazi na bei ya kuingilia Globe, historia yenye moto inapita pembeni bila kuguswa. Bright huyo huyo alipewa na Malkia hataza ya miaka 15: mtu mwingine yeyote asichapishe vitabu kwa hatimkato ya namna ile. Mtu ambaye riwaya inamfanya mwalimu wa wizi wa maneno alikuwa, katika maisha halisi, amejikinga asiibiwe. Mwaka mmoja baadaye alitoa kifupisho cha kitabu kinene cha John Foxe kuhusu mashahidi wa Kiprotestanti, yaani alichukua jasho la mwenzake akalipunguza. Na mwaka 1586 alikuwa ametoa kitabu juu ya maradhi ya huzuni, ambacho wataalamu wengi wanadhani Shakespeare alikisoma alipokuwa akimuumba Hamlet, mwanamfalme wa Denmark. Basi, wakiwa sahihi, Shakespeare alichukua kwa Bright, na katika riwaya mwanafunzi wa Bright anatumwa akachukue kwa Shakespeare.

Usiishie hapo. Kisa cha Hamlet kilikuwa katika historia ya Saxo Grammaticus wa Denmark karne nyingi kabla. Mfaransa Belleforest akakisimulia upya. Na jukwaa la London lilikuwa na mchezo wa Hamlet kabla ya huu tunaoujua, kwani Thomas Nashe aliutaja mwaka 1589. Mwaka 1592 kijitabu chenye jina la Robert Greene kilimshutumu Shakespeare kwa kujipamba kwa vya wenzake. Sheria ya Uingereza iliyompa mwandishi haki juu ya kazi yake ilikuja mwaka 1710; kabla ya hapo haki ilikuwa ya wachapaji, na tamthilia ikishauzwa kwa kampuni ilikuwa mali ya kampuni. Katika dunia hiyo mwizi ni nani? Swali hili limo katika riwaya ya Blackwood tangu sura ya kwanza, limeanikwa hadi kwenye jalada. Ndilo swali ambalo mazoezi ya darasani hayaligusi, kwa sababu halijibiki kwa kujaza nafasi zilizoachwa wazi.

Kuna jambo zito zaidi. Widge anauzwa kwa pauni 10. Mwanafunzi huambiwa kwamba hiyo ni chumvi ya mikasa, kitu cha kutuonyesha Falconer alivyo mbaya. Lakini tarehe 13 Desemba 1600 mvulana aitwaye Thomas Clifton alikamatwa njiani akielekea shuleni, akapelekwa Blackfriars kwenye kampuni ya watoto waigizaji, akapewa karatasi ya maneno ya kukariri na kutishiwa viboko. Waliomchukua hawakujificha kichakani. Walijivunia kibali cha kifalme cha kukusanya wavulana kwa ajili ya kwaya ya Malkia, nao wakakitumia kukusanya waigizaji. Baba yake, Henry Clifton, alikuwa mtu mwenye cheo, kwa hiyo mtoto aliachiliwa upesi, na malalamiko ya baba mbele ya baraza la Star Chamber ndiyo yanayotuwezesha kukijua kisa hiki. Watoto ambao baba zao hawakuwa na cheo waliigiza. Mmoja wa waliochukuliwa kwa njia hiyo, Nathan Field, alikua akawa mwigizaji mashuhuri. Kwa hiyo ubaya ambao riwaya inamtwika mtu mmoja mwenye kovu usoni ulikuwa, katika historia, na mhuri wa serikali. Darasa linaloshangilia usahihi wa kihistoria wa kitabu lingeanzia hapo, likaiuliza riwaya kwa nini imemkabidhi dhambi mtu binafsi. Sijawahi kuona swali hilo kwenye karatasi ya mazoezi.

Isitoshe, riwaya ya kihistoria ina tarehe mbili, ya mambo inayosimulia na ya siku iliyoandikwa, na ya pili ndiyo inayofichwa. Trease alichapisha Cue for Treason mwaka 1940, Uingereza ikingoja majeshi ya Hitler yavuke bahari. Miaka sita kabla alikuwa ametoa Bows Against the Barons, ambamo Robin Hood ni mwanamapinduzi wa mrengo wa kushoto waziwazi. Ukijua hayo, Cue for Treason inakuwa kitabu kingine. Peter anaanza kwa kumrushia jiwe tajiri aliyepora ardhi ya kijiji. Anamaliza akiwa mtumishi wa idara ya upelelezi ya Sir Robert Cecil, akikilinda kiti cha enzi ambacho chini yake matajiri waliendelea kupora ardhi. Riwaya inalitatua hili kwa ujanja: tajiri mporaji ndiye huyo huyo msaliti wa nchi, basi ukimpiga kwa sababu ya pili umemlipia na ya kwanza. Mwaka 1940 ujanja huo ulikuwa na kazi yake. Taifa lilihitaji maskini na Malkia wasimame upande mmoja. Huo ni ushahidi mzuri wa historia, ila ni historia ya 1940. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba anasoma habari za Elizabeth ameshika karatasi sahihi upande usio sahihi.

Na kwa kuwa huambiwa pia kwamba hiyo ni enzi ya mbali isiyotuhusu: kuanzia mwishoni mwa Novemba 1591 hadi Februari 1592, meli ya Kiingereza Edward Bonaventure, chini ya James Lancaster, ilitia nanga Zanzibar, ikiwa njiani kwenda kuvizia meli za Wareno na kutafuta viungo vya Mashariki. Mabaharia wa Elizabeth walikuwa Unguja wakati watunzi wa London wakipapurana. Mzazi Mswahili anayeambiwa kwamba mwanawe anajifunza enzi ya Elizabeth anaweza kuuliza kwa adabu kwa nini enzi hiyo inakomea ukingoni mwa mto Thames.

2. Eti inamfikisha kwa Shakespeare

Hapa rai inajipinga yenyewe. Kama Shakespeare ni mkuu kiasi kwamba haiwezekani kijana amkose, mbona hana uwezo wa kusimama mbele ya kijana huyo bila mdhamini? Na kama anahitaji mdhamini, mbona tusikiri kwamba ukuu wake kwa kijana huyo bado ni tetesi?

Waliobahatika kwenda Globe mwaka 1601 walilipa peni moja, wakasimama uwanjani jua na mvua, na wengi wao hawakujua kusoma. Hakuna aliyewatanguliza kwa riwaya. Na nisiende mbali: Mwalimu Nyerere alipotoa Julius Caezar yake mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969, hakuona haja ya kututungia kwanza hadithi ya yatima wa Musoma aliyetumwa Roma kuiba hotuba ya Antony. Alitupa tamthilia. Aliyeona ngumu alisoma mara ya pili, au alisikia ikiigizwa ndipo ikamfunguka.

Watetezi watasema kijana wa leo ni mwingine. Sawa. Lakini riwaya hizi zinamwandaaje huyo wa leo? Katika The Shakespeare Stealer, Hamlet ni kitu cha kuibwa. Kazi yake katika msuko ingeweza kufanywa na mkufu wa almasi au ramani ya hazina. La muhimu ni kwamba kuna mtu anaitaka na kuna wengine wanailinda. Shakespeare mwenyewe ni mtu wa pembeni. Sisemi hivyo kuikosoa riwaya, ambayo haina deni la kuwa muhtasari wa tamthilia. Nasema mwalimu aliyeahidi kwamba kitabu hiki kinaelekea Hamlet amechagua kitabu ambacho kwa busara kimeipa Hamlet mgongo ili kimtazame mvulana.

Halafu kuna pale ambapo riwaya inamkana mwalimu hadharani. Widge anakwenda kwenye onyesho akiwa na daftari. Ana amri, ana hofu, ana ufundi. Ameandaliwa kuliko mwanafunzi yeyote. Na hapo hapo, mchezo unapomkamata, anasahau kuandika. Kurasa zinabaki na mapengo. Kazi aliyotumwa inaharibika kwa sababu ameanza kutazama. Sijui kama kuna tukio katika fasihi ya vijana linalosema wazi zaidi kwamba kazi ya sanaa na zoezi la kukusanya habari zake ni mambo yanayofukuzana. Nalo husomwa darasani na wanafunzi 30 walioshika kalamu, kila mmoja akitafuta mambo matano kuhusu ukumbi wa Globe.

Gharama nyingine ni ya muda, na haihitaji takwimu. Majuma yaliyotumika kumwandaa kijana kwa Shakespeare yametolewa katika majuma ya Shakespeare, kwa kuwa kalenda ya shule haina mfuko mwingine. Muhula ukiisha, mtoto ana maandalizi kamili ya safari asiyosafiri. Anaweza kukuambia kwamba Globe ilijengwa mwaka 1599 kwa mbao za ukumbi wa zamani wa Shoreditch, na kwamba iliungua mwaka 1613 mzinga ulipofyatuliwa wakati wa onyesho. Muulize Hamlet anataka nini.

3. Eti mikasa huvuta wasiopenda kusoma

Hili ni fupi. Huenda huvuta. Lakini tazama kinachofanyika baada ya kuvuta.

Kitabu kimechaguliwa kwa kuwa kinakwenda mbio. Kikiingia darasani kinafungwa miguu. Sura moja kwa siku, wengine hata kwa wiki. Kabla ya sura, orodha ya maneno ya kale. Baada ya sura, maswali ya ufahamu. Katikati, kutabiri kitakachofuata na kuandika utabiri huo kwa sentensi kamili. Falconer amesimama gizani mkono ukiwa kwenye upanga, na darasa limesimamishwa ili lieleze maana ya mwanagenzi. Yule mwanafunzi aliyevutwa kweli amekimaliza kitabu kwa siri siku ya pili na sasa anaadhibiwa kwa kujua mwisho. Yule asiyevutwa amejifunza kwamba hata kitabu cha panga kinaweza kuchosha, funzo ambalo hatalisahau.

Huku kwetu hatuna haki ya kuwacheka. Sisi tuna miongozo yetu ya vitabu teule: maudhui, dhamira, wahusika, mbinu za lugha, mifano mitatu mitatu, na watahiniwa wasiokwisha wanaofaulu bila kuifungua riwaya yenyewe. Tofauti ni kwamba sisi hatukuahidi utamu.

Jambo ambalo hoja ya tatu haitaki kulitazama ni kwamba mikasa yenyewe ina maana. Mvulana anajificha ndani ya jina la uongo, msichana ndani ya suruali, na mwovu, kama tunavyogundua mwishoni, ndani ya ndevu za bandia na rangi ya kupaka. Katika Blackwood, Falconer anauawa katika pambano la upanga na mwigizaji wa kampuni, Armin, na vificho vinapobanduka usoni anaonekana ni Simon Bass mwenyewe, aliyekuwa zamani mwigizaji. Maana yake yule aliyemtuma mtoto na yule aliyemtisha mtoto walikuwa mtu mmoja anayejua kuigiza, na sanaa ileile inayomwokoa Widge ndiyo iliyomfunga. Hapo pana mjadala wa saa nzima. Anayeona mikasa ni asali tu hawezi kuufungua, kwa kuwa kwake mikasa kazi yake ilikwisha pale mtoto alipofungua kitabu.

4. Eti inajenga maadili

Hapa ndipo hasa wazazi hutekwa. Kitabu chenye mwizi anayetubu, marafiki wanaosimama pamoja na msichana jasiri kitamdhuru nani? Mwishoni mwanafunzi ataandika insha: nimejifunza umuhimu wa uaminifu, urafiki na kujiamini. Alama 10 kwa 10, uso wenye tabasamu kwa wino mwekundu.

Nimeisoma riwaya hiyo, na mambo hayakwenda hivyo.

Widge ni mwizi. Amefunzwa wizi na kasisi, kwa madhumuni ya kuhubiria. Anaingia katika kampuni kwa uongo, anakula chakula cha watu anaokusudia kuwaibia, analala katika nyumba zao. Ukweli ukijulikana anasamehewa na kubakishwa. Julia, msichana aliye katika kampuni hiyo hiyo, naye hakuiba chochote. Amejiita Julian ili aigize, na anaigiza vizuri. Ukweli wake ukijulikana anaondolewa jukwaani. Hakuna anayemchukia, wenzake wanasikitika, tena kwa dhati. Lakini desturi ni desturi, na nafasi ya Ophelia katika onyesho la Hamlet mbele ya Malkia inamwangukia Widge. Mwishowe msichana anakwenda Ufaransa, ambako mwanamke angeweza kupanda jukwaani bila kujificha, na mvulana anabaki na familia mpya.

Kwa hiyo kampuni ya Lord Chamberlain's Men, ambayo mazoezi ya darasani huisifu kuwa mfano wa udugu, ina nafasi kwa mwongo wa kiume na haina nafasi kwa mkweli wa kike aliyedanganya jambo moja tu, jinsia yake. Mwandishi hakulificha hili. Alilijenga, aliwapa wote wawili uongo wa kuingilia, akatuachia tulinganishe hatima zao. Mwalimu wa maadili ndiye anayelifunika, kwa kulipa jina la ujasiri wa Julia, kisha anageuza ukurasa. Ujasiri! Julia alikuwa na ujasiri tangu ukurasa wa kwanza alipotokea, na ujasiri huo ulimpatia tiketi ya meli.

Angebaki London, angengoja mpaka mwishoni mwa mwaka 1660 ndipo wanawake wakubaliwe katika kumbi za kulipia za jiji hilo. Hata tukimhesabia miaka 14 tu wakati wa Hamlet, angekuwa amepita 70, na Ophelia asingemfaa tena.

Najua mwalimu atanijibu kwamba mtihani hauulizi hayo. Mtihani unauliza mandhari, unauliza wahusika, unauliza ni funzo gani unalipata. Basi mtihani ubadilishwe; maswali hutungwa na watu, hayashuki kutoka mbinguni. Mimi ningeanza na moja, lisilo na nafasi za kujaza wala sentensi ya kuanzia: Widge na Julia waliingia katika kampuni ya Shakespeare kwa uongo, mmoja akapewa msamaha, mwingine akapewa safari. Jadili uamuzi huo ukiutetea kama mwenye hisa katika kampuni, kisha uushambulie kama Julia. Mwanafunzi atakayejibu kwa neno uaminifu apewe nafasi ya kuisoma riwaya upya, safari hii kalamu ikiwa mezani.